Laki Sita, Majina Manne: Kisa cha Mpangaji Aliyejitoa Baada ya Kulipa

Kisa hiki kilinifikia nikiwa msaidizi wa sheria wa kujitolea katika Wilaya ya Magharibi B, Unguja. Nakiandika kwa idhini ya mpangaji na ya mwenye nyumba. Nimeondoa majina, shehia, hospitali na mwezi wenyewe, lakini hesabu nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu ugomvi wote ulizunguka hesabu.

Usuli

Mpangaji ni muuguzi, mzaliwa wa Pemba, ambaye hadi wakati huo alikuwa akifanya kazi huko huko kwao. Alipata barua ya uhamisho kuja Unguja, akavuka kwa siku tatu kutafuta nyumba. Alitaka nyumba ya chini. Angekuja na mama yake mzazi, ambaye magoti yanamsumbua, hapandi ngazi wala hawezi kuchuchumaa.

Mwenye nyumba ni mjane. Nitamwita bi mkubwa, kama mtaa mzima unavyomwita. Yeye anakaa nyumba ya mbele. Ya nyuma, yenye vyumba viwili, ukumbi, jiko na choo ndani, anaipangisha, na kodi yake ndiyo inayomtia chakula jikoni. Kodi ni laki mbili kwa mwezi. Anataka miezi sita mbele, yaani milioni moja na laki mbili.

Katikati yao alikuwepo dalali, kijana wa mtaa wa pili, ambaye kwa kawaida ya hapa hulipwa na mpangaji kodi ya mwezi mmoja.

Muuguzi aliipenda nyumba. Mita ya umeme ya TUKUZA ni ya peke yake, tangi la maji liko juu ya banda, na uwani mna kivuli cha mwembe. Kasoro aliiona moja: choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Bi mkubwa akamwambia, "Hilo dogo, mwanangu. Nitakuwekea cha kukaa kabla hujaingia, mama yako apate raha."

Jioni ya tarehe 9 muuguzi alimtumia bi mkubwa laki sita kwa simu, na laki mbili akampa dalali mkononi. Laki sita zilizobaki angezileta siku ya kupokea ufunguo, tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Hapakuandikwa mkataba wala risiti. Kilichobaki ni ujumbe mmoja wa simu, "Mama, nimetuma laki sita ya nyumba, niwekee, inshallah tarehe mosi naingia," na jibu la sauti la bi mkubwa, sekunde chache tu: "Imefika mwanangu. Nyumba yako hiyo."

Tarehe 11 walikuja mke na mume wakaitaka nyumba ile ile. Bi mkubwa aliwarudisha: nyumba imeshashikwa.

Mambo yalivyokwenda

Tarehe 14 mama yake muuguzi alipatwa na kiharusi akiwa nyumbani Wete, akapooza upande wa kulia. Tarehe 16 muuguzi aliomba uhamisho wake usimamishwe, na siku hiyo hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, "nilijua moyoni kwamba Unguja siendi tena."

Hakumwambia bi mkubwa. Nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza kidogo kwenye simu kisha akasema aliona haya. Yule mama alimwita mwanangu, alimuahidi choo kwa ajili ya mama yake, na sasa amwambie nini? Akangoja. Tarehe 20 alimpigia dalali, kwa kuwa dalali si mtu wa kuonewa haya, akamuomba afikishe habari. Dalali akajibu, "Usijali dada, niachie mimi."

Dalali hakufikisha. Alikwishaitumia ile laki mbili, na alitumaini kupata mpangaji mwingine kimya kimya, amlete tarehe 1, mambo yapite bila ya kelele. Hakumpata.

Tarehe 22 fundi alianza kuvunja choo. Tarehe 24 akamaliza. Bi mkubwa alinunua choo cha kukaa kwa 110,000, saruji na marumaru chache za kuzibia kwa 30,000, na fundi akalipwa 40,000. Jumla 180,000. Fikiria hapo mahali: wakati saruji inakorogwa uwani, watu wawili walikuwa wanajua kwamba mama aliyekusudiwa choo kile haji, na hakuna aliyenyanyua simu.

Tarehe 1 asubuhi bi mkubwa alipiga. "Mwanangu, uko wapi? Nimeshafagia, ufunguo nnao." Muuguzi alilia, akaeleza yote, na mwisho akaomba arejeshewe pesa zake. Bi mkubwa alimpa pole ya mama. Kisha akamwambia, "Arbuni hairudi, mwanangu. Na pesa yenyewe imeshakuwa choo."

Hapo angeweza kuingia mtu wa suluhu, na jambo likaisha mapema. Aliyeingia ni kaka yake muuguzi, anayeishi mjini Unguja. Tarehe 3 alifika kwa bi mkubwa, akasimama barazani na kusema kwa sauti ya kusikika njiani kwamba yule mama amekula amana ya watu. Tarehe 5 alikwenda kituo cha polisi. Askari walimsikiliza, wakampigia bi mkubwa simu, kisha wakamwambia kaka jambo la kweli: hakuna jinai hapa, haya ni madai. Lakini simu ile ilikuwa imeshapigwa. Mjane ambaye hajawahi kuitwa na polisi tangu azaliwe aliitwa kwa ajili ya laki sita.

Tarehe 8 muuguzi aliniandikia. Namba yangu alipewa na mwenzake wa kazini.

Tulichoamua, na sababu zake

Kabla ya kumwita mtu yeyote kikaoni nilimuomba muuguzi mambo matatu: anitumie ujumbe wake na ile sauti ya bi mkubwa, amwambie kaka yake asirudi tena pale barazani, na aniambie anataka nini hasa. Akasema anataka laki nane zote. Nikamuuliza kama angekuwa yeye ndiye bi mkubwa angerejesha ngapi. Akasema hajui. Jibu hilo la "sijui" ndilo lililonipa matumaini.

Njia ya mahakama tuliitazama tukaiacha. Mahakama ya mwanzo ingeweza kusikiliza madai ya kiasi hiki, lakini muuguzi hawezi kumwacha mama yake Wete akaja kuhudhuria tarehe baada ya tarehe, na nauli ya boti pekee ingekula sehemu ya pesa anayoidai. Bi mkubwa naye alikuwa akisema, "Twende kwa kadhi." Nilimueleza kwamba Mahakama ya Kadhi husikiliza ndoa, talaka, matunzo ya watoto, mirathi, wakfu na yanayofanana na hayo; kodi ya nyumba haimo. Nilimuahidi, lakini, kwamba upande wa dini hautaachwa nje, na nikamuomba sheikh wa msikiti wa karibu aje kukaa nasi.

Tarehe 10, baada ya Alasiri, tulikaa ofisini kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia. Sheha si hakimu na hana mamlaka ya kumlazimisha mtu alipe, na aliyasema hayo mwenyewe mwanzoni. Kazi yake ilikuwa kuwa shahidi na kuweka maandishi. Bi mkubwa alikuja na mdogo wake. Kaka alikuja akiwa amenyamaza, na hilo halikuwa jepesi kwake. Muuguzi alikuwa kwenye simu, imewekwa juu ya meza yenye sauti ya juu. Mara kwa mara tulikuwa tukimsikia akisema pembeni, "Ngoja mama, nakuja."

Nilianza na swali moja, nikalizungusha kwa kila mtu: laki sita ile ilikuwa pesa ya nini?

Muuguzi: kodi ya miezi mitatu ya mwanzo. Laki mbili mara tatu.

Bi mkubwa: arbuni.

Kaka: amana.

Dalali hakuwepo kikaoni, lakini nilikuwa nimemuuliza kwa simu, naye alisema, "Ya kushikia nyumba tu."

Majina manne, na kila jina lina hukumu yake. Kama ni amana, basi haikufaa hata kuguswa, na anayeitumia ana khiyana. Kama ni kodi iliyotangulia, inarudi baada ya kukatwa hasara. Kama ni arbuni, mwenye nyumba anaweza kudai kwamba imepotea. Kama ni ya kushikia, imeshika kwa siku ngapi? Ndipo bi mkubwa alipoelewa kwa nini kaka alimwita mla amana, na kaka naye akaelewa kwa nini neno lile lilimchoma. Aliomba radhi pale pale. Bi mkubwa hakumjibu, ila aliacha kumpa mgongo.

Sheikh alieleza suala la arbuni kwa utulivu mkubwa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa kwetu, na vile vile kwa Hanafi na Maliki, sharti la kwamba arbuni inapotea mnunuzi akighairi halikubaliki. Wanaliona ni kula mali ya mtu bila ya badali. Hanbali wameliruhusu, wakitegemea kisa cha nyumba iliyonunuliwa Makka kwa Safwan bin Umayya iwe gereza: Sayyidna Umar akiridhia, biashara imepita, asiporidhia, Safwan apate mia nne. Mwaka 1993 wanazuoni wa baraza la kimataifa la fiqhi walipokutana Brunei waliipitisha rai hiyo, lakini kwa sharti muda wa kungojea uwe umewekwa. "Nyinyi," aliwauliza, "mliweka muda wa kughairi?" Hakuna aliyeweka.

Kisha akaongeza jambo ambalo mimi nisingelijua. Iko hadithi kwamba mwenye kumkubalia Muislamu mwenzake kuvunja biashara aliyoijutia, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Bi mkubwa aliinamisha kichwa. Sikumsikia tena akisema "arbuni hairudi" baada ya hapo.

Mimi nikaweka upande wa sheria ya nchi. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, kwa hiyo muuguzi amevunja ahadi na hawezi kudai pesa yote kana kwamba hakikutokea kitu. Lakini Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, ambayo mfano wake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inamtazamia aliyevunjiwa ahadi afidiwe hasara iliyompata, tena baada ya kutazamwa alichoweza kufanya kuipunguza. Haimpi faida juu ya hasara. Swali la haki, basi, lilikuwa: bi mkubwa amepoteza nini?

Mdogo wake bi mkubwa alipendekeza nusu kwa nusu: laki tatu zirudi, laki tatu zibaki, watu waende kuswali. Muuguzi alikuwa tayari kukubali. Nilimuomba angoje. Nusu kwa nusu ni haraka, lakini kila mmoja huondoka akiamini kaonewa, kwa sababu hakuna aliyeonyeshwa ile nusu imetoka wapi. Nilitaka bi mkubwa aone kila shilingi anayobaki nayo ina sababu, na muuguzi aone kila shilingi aliyoikosa ina sababu.

Hesabu yenyewe

Hasara ya kwanza ni nyumba kukaa tupu. Tulikubaliana ihesabiwe kuanzia tarehe 1 mpaka siku atakayoingia mpangaji mwingine, kwa kiwango cha laki mbili gawanya kwa siku thelathini. Bi mkubwa alitaka pia kuhesabiwa wale mke na mume aliowarudisha tarehe 11. Tulilijadili kwa muda mrefu kidogo. Mwisho alikubali kwamba hata hao wangeanza kulipa tarehe 1, kwa hiyo siku tupu zinawameza.

Hasara ya pili ni choo. Hapa ndipo kikao kilipokuwa kizito. Bi mkubwa alisimama akatuongoza mpaka nyumbani kwake, si mbali na ofisi ya sheha, akafungua mlango wa choo akasema, "Pesa yake ile pale, itazameni." Choo cheupe, saruji bado ina rangi mbichi pembeni, na ukutani, kwa urefu wa mkono wa mtu aliyekaa, bomba la chuma limepigwa misumari. Kaka akauliza lile bomba la nini. La kushikia, bi mkubwa akasema, mama yake anyanyukie. Halikuwemo katika mapatano. Alilitia kwa hiari yake, na hakulidai katika hesabu.

Kaka alitoka nje akampigia dada yake simu, akamweleza alichokiona.

Hoja mbili zilikuwa na uzito sawa. Choo kimebaki kwa bi mkubwa, hakikuondoka na mpangaji, na nyumba yenye choo cha kukaa inapangishika kwa urahisi zaidi. Lakini pia asingekitia mwaka ule kama asingeombwa, na pesa ile alikuwa na shida nayo nyingine. Tukakata: nusu ya gharama, 90,000, iwe juu ya muuguzi.

Jambo la tatu lilikuwa la wakati. Bi mkubwa alisema wazi kwamba hata akikubali kurejesha, hana. Zilizosalia baada ya choo alizitia katika deni la duka na ada ya mjukuu. Nilimwamini. Wenye nyumba wengi wa hali yake hawaweki pesa ya mpangaji kando. Inaingia leo, inatoka kesho. Pesa ya kumrejeshea anayejitoa hutoka kwa mpangaji anayeingia. Kwa hiyo kila siku ambayo nyumba ile ilikaa tupu ilikuwa inamuumiza muuguzi mara mbili: inaongeza makato, na inachelewesha malipo.

Nilimuuliza muuguzi kama anamjua mtu yeyote anayetafuta nyumba Unguja. Kimya kidogo. Kisha akasema, "Yupo." Mwenzake wa kazi, aliyehamishwa kwa barua za wakati mmoja na yake, alikuwa anatafuta nyumba tangu kabla ya tarehe 10 ya mwezi uliopita.

Matokeo

Tarehe 13 yule mwenzake alikuja kuitazama nyumba. Tarehe 19 aliingia na familia yake, akalipa miezi mitatu. Siku tupu zikawa kumi na nane, sawa na 120,000. Ukijumlisha na 90,000 za choo, makato yalikuwa 210,000, na marejesho 390,000.

Bi mkubwa alituma laki mbili tarehe 20. Zilizobaki, 190,000, aliahidi mwisho wa mwezi unaofuata; zilifika zimechelewa siku tisa, zimetimia. Dalali, aliyeitwa peke yake kwa sheha, alikiri kwamba aliambiwa tarehe 20 na akanyamaza. Alikubali kurejesha laki moja kati ya mbili. Alileta elfu sitini. Elfu arubaini bado.

Katika laki nane alizotoa, muuguzi amepata 450,000.

Uchambuzi

Nianze na kimya cha muuguzi, kwa sababu ndicho kilichogharimu zaidi, na simlaumu kwa ukali. Mtu ambaye mama yake amelala upande mmoja hafikirii kodi. Lakini tazama tarehe. Alijua tarehe 16. Fundi alianza tarehe 22. Simu moja kwa bi mkubwa mwenyewe, katikati ya siku hizo sita, ingeokoa choo chote, na mwenzake aliyekuwa akitafuta nyumba angeweza kuingia tarehe 1 ile ile. Hapo makato yangekuwa madogo mno, pengine yasingekuwepo. Katika visa vya aina hii ninavyovisikiliza, watu wengi wanakuja wakiuliza, "Pesa inarudi au hairudi?" Mimi siku hizi nawauliza kwanza: umemwambia mwenyewe lini? Haya ya kumwambia mtu aliyekufanyia wema inaeleweka sana hapa kwetu. Ila aliyekufanyia wema ndiye anayestahili kuambiwa mapema, kwa kuwa yeye ndiye anayeendelea kutumia pesa kwa ajili yako.

La pili ni kutuma habari kwa mdomo wa dalali. Dalali analipwa nyumba ikipatikana. Habari ya kuvunjika inamtaka arejeshe. Huwezi kumpa mtu barua ambayo ikifika itamtoza yeye. Nina yakini kijana huyu hakukusudia ubaya. Alitaka kuziba pengo kabla halijaonekana, na pengo likapanuka.

Jina la pesa ndilo lililoutia ugomvi moto. Hesabu pekee isingewafanya watu wapige kelele barazani. Kaka aliposema amana alikuwa anamaanisha tu "pesa ya dada yangu iliyoko kwako," lakini kwa mama mcha Mungu neno lile lina maana ya khiyana. Bi mkubwa aliposema arbuni alikuwa anarudia lililosemwa na kila mwenye nyumba mtaani, hajawahi kuuliza linasimama juu ya nini. Hata sheria ya kawaida inatofautisha: pesa iliyotolewa na kutajwa kuwa ni dhamana ya kutimiza ahadi inaweza kuzuiliwa mtu akighairi, kwa kiasi cha haki, pesa iliyotangulizwa kama sehemu ya kodi hairuhusu hivyo, hukatwa hasara ikarudi. Ule ujumbe wa "laki sita ya nyumba, niwekee" ulibeba maana zote mbili, na ndiyo maana tukikwenda mahakamani sijui hakimu angelisoma vipi.

Polisi halikuwa wazo zuri tangu mwanzo. Lilipoteza siku, na lilimfanya bi mkubwa aone kurejesha ni kukiri wizi. Kilichomrejesha mezani, kwa kadiri nilivyoona, ni mambo mawili: kaka kuomba radhi mbele ya watu kikaoni, na ile hadithi ya sheikh, iliyompa njia ya kurejesha akiwa na heshima yake.

Upande wangu nilikosea mara mbili. Dalali nilimwacha nje ya kikao cha kwanza nikidhani angeleta kelele. Matokeo yake muuguzi alibeba nusu ya choo peke yake, wakati sehemu ya nusu ile ilikuwa ya dalali wazi wazi: tarehe 20 choo kilikuwa bado hakijavunjwa. Elfu sitini zake hazifiki hata gharama hiyo. Kosa la pili, katika karatasi ya suluhu niliandika siku tupu zihesabiwe "mpaka aingie mwingine" bila ya kuweka ukomo. Kama yule mwenzake asingepatikana, makato yangeendelea kupanda mpaka yameze laki sita zote, na karatasi yangu ingeruhusu. Tuliokoka kwa bahati. Kwa nyumba ya kodi ndogo kama hii sasa naandika ukomo wa mwezi mmoja.

Karatasi tunayoitumia sasa

Baada ya kisa hiki nimetengeneza maandishi mafupi, nusu ukurasa, ya kujazwa kabla pesa haijatoka. Mistari yake ni hii:

*Nimepokea shilingi ……. Pesa hii ni sehemu ya kodi ya miezi …… Nyumba itashikiliwa mpaka tarehe …… Mpangaji akighairi atamwambia mwenye nyumba mwenyewe, kwa simu au kwa maandishi, na siku hiyo ndiyo itakayohesabiwa. Mwenye nyumba atakata kodi ya siku nyumba ilizokaa tupu, zisizozidi siku thelathini, na nusu ya kazi yoyote aliyoombwa na mpangaji ikafanyika kabla ya kuambiwa. Zilizobaki atarejesha ndani ya siku 14.*

Saini mbili, shahidi mmoja wa kila upande, na picha ya karatasi kwenye simu za wote.

Nilimpelekea bi mkubwa nakala kumi. Alivaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari pale pale barazani, kisha akaomba kalamu. Alikata maneno "ndani ya siku 14" katika nakala zote kumi, moja baada ya nyingine, na juu yake akaandika kwa mkono wake: "nikipata mpangaji mwingine, au miezi miwili, ipi itatangulia." Nilitaka kumpinga. Nikakumbuka pesa ile ilirejea kutoka wapi, na tangu siku hiyo karatasi zangu zote nazichapa na mstari wake.